Vipande Mia Mbili

Mimi ni nesi, na sina subira. Nayasema yote mawili mapema ili mtu asije akaniambia hakujua. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati, na katika miaka hiyo nimegombana na madaktari, na mafundi umeme, na akina baba wanaoingia wodini na viatu vya matope. Nilipofika miaka arobaini na mbili nikajisajili kusoma takwimu. Wenzangu wakacheka: "Sista, wewe na hesabu wapi na wapi?" Nikawaambia chekeni weee, mwisho mtaniletea mafaili yenu. Na kweli waliniletea.

Mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, ni mkunga hospitali hiyohiyo. Miaka minane iliyopita aliomba chumba kilichokuwa hakina kazi mwisho wa korido, akatia vitanda kumi na vinne na mapazia, akakiita chumba cha kifuani. Mama aliyejifungua mapema anakaa humo, mtoto amefungwa kwa kitambaa kifuani pake, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka mtoto apate uzito. Ndiyo kazi yote ya chumba. Hakina mashine hata moja, na kwa kuwa hakina mashine, daktari mkuu akipita anaona chumba kitupu. Stoo ya hospitali ilikuwa imefurika. Barua ikatoka: Alhamisi saa nne asubuhi kamati itakaa kuamua kama chumba cha kifuani kigeuzwe stoo. Mwenye ushahidi kwamba kinaokoa watoto aulete.

Mdogo wangu aliniletea barua ile. "Dada, mimi nimewaona wakipona kwa macho yangu haya. Sasa nipeleke nini, macho?"

"Nitapeleka mimi," nikasema. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Nilikuwa na rekodi za watoto elfu sita mia moja na arobaini, za miaka kumi na moja: mitatu kabla ya chumba, minane baada yake. Uzito, wiki za mimba, pacha au peke yake, alipona au hakupona. Mtu wa haraka atasema hesabu wa kabla, hesabu wa baada, basi. Si hivyo. Wanaoingizwa chumbani ni wale walioonekana wana nafuu kidogo, kwa hiyo kila mmoja lazima atafutiwe mwenzake anayefanana naye ambaye hakuingia, ndipo uwalinganishe. Halafu, ili ujue kama jibu ni la kweli au ni bahati tu, unachota watoto upya kwa bahati nasibu kutoka orodha ileile, unatafuta jibu tena. Unachota, unatafuta. Mara elfu kumi. Natumia programu ya takwimu inayoitwa kwa herufi moja tu, R, na kwenye kompyuta yangu ya nyumbani kila mchoto ulikula dakika tatu. Piga hesabu: siku ishirini na moja. Na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Chuo kikuu cha jirani kina mtambo wa pamoja. Ni kompyuta sabini na mbili zilizounganishwa, zina bongo elfu nne za kukokotoa, na yeyote mwenye utafiti anaruhusiwa kupanga foleni. Hospitali yetu imo kwenye orodha. Nikapewa jina na neno la siri. Jumatatu mchana nikaingia nikiwa nimekaa ofisini kwangu wodini, nikapakia rekodi bila majina ya watoto, nikabonyeza. Maelekezo yalikuwa kurasa arobaini. Nani ana muda?

Dakika kumi hazijaisha, simu ikalia.

"Wewe ndiye nesi?" Sauti ya mama mtu mzima.

"Ndiye mimi."

"Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Wewe mgeni umekuja, wenyeji tunakufa. Unajua uko wapi saa hizi?"

"Niko kwenye mtambo."

"Uko mlangoni! Kila mtu anapita kompyuta moja ya mapokezi, anaacha maombi yake, anaenda zake, mtambo unampangia. Wewe umetandika mkeka palepale mlangoni ukaanza kupika. Watu mia na hamsini wamekwama nyuma yako, hakuna anayeweza kuandika hata jina lake. Kazi yako nimeiua. Sasa njoo hapa."

Mimi huwa najibu. Siku hiyo nilisema tu nakuja. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa ya moto, nikavua aproni nikaenda.

Chuoni wote wanamwita Mama Foleni. Ni mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa uzi wa viatu, na ndiye msimamizi wa mtambo tangu ulipofika ukiwa kwenye makasha. Niliomba radhi. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Umewahi kuuona?"

"Kuona nini?"

"Hicho ulichokikwamisha." Akachukua koti zito kwenye msumari nyuma ya mlango akanirushia. "Vaa. Humo kuna baridi."

Mlango ulifunguka, kelele ikanipiga kifuani. Ilikuwa kama mvua kubwa juu ya bati, ila haipungui wala haiongezeki. Makabati meusi marefu kuliko mimi yamesimama safu mbili, na ndani yake taa za kijani, mamia, zinapepesa, kila moja kwa mwendo wake. Nikaweka kiganja nyuma ya kabati moja. Palikuwa na joto, joto la mwili wa mtu mwenye afya. Nimezoea mashine zinazomlinda mtoto mmoja mmoja. Hii ilikuwa inafikiri mambo ya watu wote kwa pamoja, na mimi nilikuwa nimeikanyaga nikitafuta njia ya mkato.

Mama Foleni akanionyesha skrini ukutani. Kila mstari ni kazi ya mtu. "Huyu anatafuta nyufa za madaraja. Huyu ni ugonjwa wa samaki. Huyu mvua za miaka sitini. Huyu tunamwita Nyota, anahesabu mwanga wa nyota. Hawajuani, wengi hawajawahi kuonana, lakini wamekaa bega kwa bega humu na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Unajua kwa nini?"

"Foleni," nikasema kwa sauti ya chini kabisa.

"Kumbe una akili. Ila una kiherehere."

Akaketi nami saa mbili nzima. Akanifundisha kuandika faili la maombi: nataka bongo ngapi, kumbukumbu kiasi gani, kwa muda gani. Nikaandika bongo mia mbili. Jumanne asubuhi zamu yangu ikafika, kazi ikaanza, nami nikajiona bingwa. Saa nne kasoro simu ikalia tena.

"Sista, umeomba bongo mia mbili, si ndiyo?"

"Ndiyo, na asante sana mama, nimepewa zote."

"Ubongo unaofanya kazi ni mmoja. Mia na tisini na tisa zimekaa zinaangaliana. Umealika watu mia mbili shambani na jembe ni moja!"

Kumbe R, ukiiacha hivihivi, inafanya jambo moja baada ya jingine kwa ubongo mmoja. Haijui kugawana kazi mpaka uiambie. Aliniambia niikate kazi vipande mia mbili, kila kipande kiwe na michoto hamsini na ubongo wake, kila kimoja kiandike jibu lake, mwishoni nikusanye. Dakika mia na hamsini tu, badala ya siku ishirini na moja. Nikaifuta ile ya kwanza, nikakata, nikatuma, nikaangalia foleni.

Loo! Mbele yangu palikuwa na kazi elfu tatu za Nyota.

Nilimpigia Mama Foleni, nikaanza kueleza habari ya watoto, habari ya Alhamisi, sauti ikinipanda. Akaniacha nimalize.

"Humu kila mtu ana Alhamisi yake," akasema. "Mimi nikikupitisha wewe leo, kesho foleni imekufa. Simpitishi mtu, hata mama yangu mzazi. Ila Nyota mwenyewe anaweza kuzizuia kazi zake kwa hiari. Huo ndio utaratibu wetu: hupitishwi, unapishwa. Muombe. Na uombe vizuri."

Kuomba vizuri si fani yangu. Niliandika barua pepe, nikafuta, nikaandika. Mwishowe nikaweka ukweli mtupu: mimi ni nesi, nina watoto elfu sita na kidogo, nina mdogo wangu mwenye chumba, nahitaji saa tatu. Siku nzima kimya. Mdogo wangu alikuwa akipita ofisini kwangu kila baada ya nusu saa, ati anatafuta kalamu. Kalamu alikuwa nazo tatu mfukoni.

Jumatano saa mbili asubuhi jibu likaja, mistari miwili. "Sista, mwanga ninaoupima uliondoka huko kwenye nyota kabla binadamu hajazaliwa. Utasubiri saa tatu."

Nikafungua foleni. Mistari yake yote ilikuwa imeandikwa "imezuiliwa." Yangu ilikuwa inasema "inasubiri, inasubiri, inasubiri," ukurasa mzima. Nikamwita mdogo wangu. Tulikuwa tumesimama tumeinamia skrini pale wodini, yeye ananukia sabuni ya kunawia mikono, na mbele ya macho yetu mistari ikaanza kugeuka. Inafanya kazi. Inafanya kazi. Kumi, thelathini, mia, mpaka chini kabisa, mia mbili.

"Mungu wangu," mdogo wangu akanong'ona. "Dada, ni watoto wangu hao?"

"Ndio."

"Wote kwa mpigo?"

"Wote. Bongo mia mbili zinawaangalia kwa mpigo."

Akafunika mdomo kwa kiganja. Miaka minane yeye na manesi wake wanne wamewaangalia mmoja mmoja. Nilikumbuka joto lile la nyuma ya kabati, na nikawaza kwamba sasa hivi huko kwenye baridi kila mtoto wetu anatazamwa upya, uzito wake, wiki zake, hata waliokufa, na watu wasiotujua wamekaa pembeni ili hilo liwezekane.

Saa tano na nusu vipande vyote vilimaliza. Nikakusanya majibu. Katika kila watoto mia waliopita chumba cha kifuani, walipona watano nukta tatu zaidi kuliko wenzao wa kufanana nao. Kipande cha kwanza kilisema hivyo. Cha pili vilevile. Cha mia na themanini vilevile. Nilipiga kigelegele mpaka dada wa mapokezi akaja kuuliza nani kajifungua. Mdogo wangu alilia wazi, bila kujificha, akaenda kuwaambia akina mama chumbani.

Nikabaki na ile orodha. Nikaanza kuisoma kwa raha, kushuka chini. Tano nukta tatu moja saba tisa. Tano nukta tatu moja saba tisa. Tarakimu kumi na moja baada ya nukta, zilezile, mara mia mbili.

Hapo raha ikaanza kunitoka. Nesi yeyote atakuelewa. Ukipokea zamu ukakuta chati ya mtoto, joto thelathini na sita nukta nane saa moja, thelathini na sita nukta nane saa mbili, hivyohivyo mpaka alfajiri, hushukuru kwamba mtoto ametulia. Unajua kuna mtu alilala, akajaza chati yote kwa kalamu moja. Kitu kilicho hai hakikai namba moja.

Nikampigia Mama Foleni, nikamsomea. Akaniuliza swali moja tu.

"Mbegu uliandika ngapi?"

Nikafunga macho. Programu inapochota kwa bahati nasibu, huwa inaanzia kwenye namba fulani, inaitwa mbegu, na namba hiyo ndiyo inayoamua nani achotwe. Mbegu ileile, michoto ileile. Mstari wa tatu wa faili langu niliandika mbegu ni moja, kama tulivyofundishwa darasani ili mwalimu apate jibu letu lilelile. Kisha nikatuma faili hilo kwa bongo mia mbili. Zote zilichota watoto walewale, kwa mpangilio uleule. Sikuwa na mashahidi mia mbili. Nilikuwa na mmoja anayerudia maneno yake mara mia mbili.

"Mpe kila kipande mbegu yake," Mama Foleni akasema, safari hii bila kunitania. "Na mwambie Nyota wewe mwenyewe."

Mdogo wangu alirudi, macho bado mekundu, anacheka. Nikamwambia. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Sasa ile tano imekufa?"

"Sijui. Inaweza kuwa tano. Inaweza kuwa moja. Inaweza kuwa sifuri."

"Lakini si umeipata kwenye mtambo? Si kompyuta imesema?" Sauti yake ilipanda, na yeye huwa hapandishi. "Dada, kamati ni kesho! Nani kule atajua habari ya mbegu? Iache! Namba nzuri, iache ilivyo!"

Nilikuwa na maneno makali mdomoni, nikayameza. Nikageuza skrini upande wake. "Soma. Ungeikuta hii ni chati ya mtoto wodini kwako, ungefanyaje?"

Akasoma. Kidole chake kikashuka taratibu, mstari kwa mstari, kikasimama.

"Ningemfukuza mtu," akasema, na akakaa chini.

Nyota alikuwa ameshaachia kazi zake, na zilizokwisha kuanza hazizuiliki. Alijibu barua yangu kwa mstari mmoja: "Zikiisha moja moja, ingiza zako moja moja. Na mbegu, sista, mbegu!" Basi Jumatano hiyo mchana vipande vyangu viliingia kwa kudokoa, vitatu hapa, kumi pale, kama watoto wanaopenya mlangoni mgeni anapotoka. Saa kumi na moja jioni kile cha mwisho kikafunga. Niliogopa kufungua. Mdogo wangu alinishika mkono akafungua yeye.

Havikufanana. Wastani wa michoto ya kila kimoja: nne nukta nane, tano nukta mbili, nne nukta tisa, tano nukta nne. Vilikuwa vinayumba huku na huku. Nikazikusanya namba za michoto yote elfu kumi pamoja, nikazipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Katikati, watano katika mia. Ukingo wa chini wawili, ukingo wa juu wanane.

Alhamisi saa nne daktari mkuu alikaa mwisho wa meza ndefu, na ramani ya stoo mpya mbele yake. Si mtu mbaya. Amechoka tu, kama sisi sote. Nikaeleza, na sikuacha hata habari ya mbegu.

"Wawili hadi wanane," akasema. "Kwa hiyo hujui."

"Sijui ni wangapi hasa. Najua si sifuri. Tumechota mara elfu kumi, na sifuri hatukuiona."

"Katika mia. Kwa jumla je?"

"Waliopita chumbani ni elfu tatu mia nane na sabini. Kwa makadirio ya katikati, kama mia na tisini. Pengine themanini, pengine mia tatu. Watoto ambao wako hai, na bila chumba kile wasingekuwepo."

Alivua miwani. Nilidhani ataniuliza tena habari za hesabu, na nilikuwa tayari kwa vita.

"Ni akina nani?" akauliza.

Sikulitegemea swali hilo. "Hakuna anayejua, daktari. Wengi wangepona tu hata bila chumba. Hao mia na tisini wamechanganyika na hao wengine, na hawana alama. Mama zao hawajui. Mtambo haujui. Wenyewe hawajui."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika namba hiyo jana yake, nikaisoma mara ishirini, na hapo ndipo nilipoisikia. Daktari mkuu akaikunja ramani ya stoo, akaikunja tena, akaiweka mfukoni. "Chumba kibaki," akasema. "Stoo tutatafuta pengine."

Tulitoka nje ya geti mimi na mdogo wangu. Ng'ambo ya barabara kuna shule ya msingi, na ilikuwa mapumziko. Wa madarasa ya chini walikuwa wamejaa uwanjani, wa miaka sita, saba, nane, wanakimbizana, mmoja anang'ang'ania mpira, mmoja ameanguka analia na hakuna anayemjali. Mdogo wangu akavuka barabara bila kuangalia magari, akashika waya wa uzio kwa mikono miwili.

"Yule mwenye sweta la kijani?" akaniuliza.

"Sijui, mdogo wangu."

"Na yule mnene, anayepiga kelele?"

"Huenda. Sijui."

"Yule anayelia?"

"Anaweza kuwa yeye. Anaweza asiwe."

Akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka, akaendelea kuwatazama mmoja mmoja, kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, bila kumruka hata mmoja. Kengele ikapigwa, wakaingia wote. Nilikuwa na zamu saa sita, lakini sikumwambia twende.